Ramallah hadi Ben Gurion: usipige hesabu kwa kilomita

Dada, umeuliza kama muda wa saa nne unatosha kutoka Ramallah, mji wa Wapalestina katika Ukingo wa Magharibi, hadi kupanda ndege Ben Gurion, uwanja wa ndege wa Israeli, ukipitia Qalandia, kizuizi cha ukaguzi cha Israeli kwenye njia ya Jerusalem. Hautoshi. Ramallah na Jerusalem zimeachana kama kilomita 15 tu, lakini muda unaliwa kwenye foleni. Ondoka ukiwa na muda wa saa saba kabla ya ndege kuruka.

Mwenyeji wako Mpalestina hawezi kukufikisha. Gari lenye namba za kijani za Ukingo wa Magharibi haliruhusiwi kuingia Jerusalem, na yeye mwenyewe anahitaji kibali cha jeshi la Israeli. Usimsihi ajaribu, atakayeumia ni yeye.

Panda basi la 218 hadi Jerusalem, na kutoka hapo treni ya kwenda uwanjani. Kwenye kizuizi cha Qalandia abiria wengi hushushwa. Shika mkononi pasipoti na kile kikaratasi cha kuingilia ulichopewa uwanjani. Pita geti la chuma linalozunguka: hufunguka kwa watu wachache, kisha hujifunga bila onyo, na sanduku kubwa hunasa hapo. Beba begi dogo. Weka mzigo, simu na mkanda kwenye mashine, kisha onyesha pasipoti dirishani.

Epuka alfajiri ya Jumapili, wafanyakazi wanapojazana, na Ijumaa za Ramadhani. Ijumaa alasiri hadi Jumamosi jioni treni ya kwenda uwanjani haitembei, hivyo panga teksi ya Jerusalem mapema. Kizuizi kinaweza kufungwa ghafla. Asubuhi hiyo mwombe mwenyeji aulizie madereva kabla hujatoka.