Zana za kidijitali zinazokwamisha utafiti wa ziwani

Ukianza shahada ya uzamili hapa Mwanza, kila mtu anakuambia pakua hii, jaribu ile. Mimi natafiti uvuvi na biashara ya dagaa kwenye mialo (sehemu za kutua mitumbwi) ya Ziwa Victoria, na nawaambia wadogo zangu mnaokuja nyuma: nyingi kati ya hizo zana zinakula muda na bando, halafu zinaharibu data.

Nianze na dodoso la kwenye simu, maana ndilo linaloniumiza zaidi. Fomu za mfano karibu zote zina swali hili: "Unavua siku ngapi kwa wiki?" Mvuvi wa dagaa hahesabu wiki, anafuata mwezi. Anavua usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika na watu wanashona nyavu. Kwa hiyo atakujibu, "Mwanangu, kipindi cha giza tunaingia kila siku, mwezi ukikomaa tunakaa." Simu inataka namba kati ya 0 na 7, na haikuachii uende swali linalofuata mpaka uijaze. Ukiweka 4, umetunga jibu ambalo mzee wa watu hakulitoa, na kwenye jedwali halitatofautiana na majibu ya kweli. Msimamizi wako hataligundua. Wewe mwenyewe ukirudi kulisoma baada ya muda hutaligundua.

Vipimo navyo ni hivyohivyo. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, dagaa wanauzwa kwa sado, ndoo na gunia, tena gunia lenyewe linaweza kuwa lumbesa, yaani limejazwa kupita kiasi. Fomu inadai kilo. Usimlazimishe mama akisie. Andika kipimo alichokitaja kama alivyokitaja, kisha beba mizani ya kuning'iniza na umwombe upime ndoo yake yeye, ikiwa na dagaa wake, na uandike kama wamekauka sawasawa au bado wana unyevu.

Sikatai kukusanya data kwa simu. KoboToolbox, zana ya kujazia madodoso, inafanya kazi bila mtandao, na ukiwa visiwa vya Ukerewe utaishukuru. Ila ondoa ulazima kwenye maswali ya namba, na kila swali liachie nafasi ya maneno.

Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi ziacheni kabisa kwa mahojiano ya mwaloni. Upepo unavuma, injini zinanguruma, na mtu mmoja anaanza kwa Kiswahili, anapitia Kisukuma, anamalizia kwa Kikerewe. Kwenye rekodi yangu moja, "kokoro", wavu ule haramu wa kukokotwa, uliandikwa "kokote", na sentensi ikasomeka vizuri tu. Kaa na spika za masikioni jioni ileile uandike mwenyewe. Fedha ya programu mlipe kijana wa hapohapo anayejua lugha, akusikilizie sehemu zilizokushinda.

Kuhusu marejeo, akili unde itakupa makala yenye kichwa kizuri, mwandishi na mwaka, na ukiitafuta haipo popote. Usiingize chochote ambacho hujakifungua. Na ukitafuta kwenye mtandao, usiishie kwenye neno "dagaa", maana Wakenya wanaandika omena na Waganda mukene. Tafuta jina lake la kisayansi, Rastrineobola argentea, kisha rudia na Engraulicypris argenteus, jina la kisayansi lililotumika kwenye maandiko ya zamani. Ukiruka hilo la pili utadhani utafiti wa dagaa ulianza juzi, wakati mtafiti wa uvuvi Mwingereza, Michael Graham, alishazunguka ziwa hili akichunguza samaki wake mwaka 1927 na 1928.

Ripoti nyingine hazijawahi kuingia mtandaoni. Nenda kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) hapa Mwanza na barua yako ya chuo, uulize kwa heshima zilizopo kwenye karatasi. Ukizipata, zisajili kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, kwa mkono, moja moja; ni ya bure na inafanya kazi hata bando likiisha.