Kuwatafuta wagonjwa wa tiba shufaa kwenye kompyuta ya hospitali

Dada, umesema hospitali yenu ya wilaya ina mfumo wa kompyuta, lakini wanaohitaji tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso kwa wenye ugonjwa mzito, mnawajua wakishaletwa wamebebwa. Pole sana, inauma.

Usitafute saratani peke yake. Mwombe mtu wa tehama akutolee orodha ya waliolazwa kwa dharura mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6: moyo kushindwa kufanya kazi, figo, ini, kiharusi. Halafu angalia uzito. Ukikuta kilo 61, kisha 55, kisha 48, mtafute mgonjwa huyo leo leo. Kulazwa ghafla na kukonda ni miongoni mwa dalili za SPICT, mwongozo wa kuwatambua wagonjwa kama hawa ulioanzia Edinburgh, Uskoti.

Maneno kama “hapati usingizi usiku, anaogeshwa na binti yake” utayasoma mwenyewe kwenye faili la mgonjwa; orodha haiyaoni.

Na orodha isizagae mapokezi. Kaa nayo na daktari, mjiulize kwa kila jina: huyu akifariki ndani ya mwaka, tutashangaa? Kama hamtashangaa, nendeni mkaongee naye na nduguze, mkianza na maumivu. Mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, isisubiri siku za mwisho.