Kufunga mitambo ni kazi ya bendi nzima (kwa mnaoanza kupiga laivu huku kusini)

Wadogo zangu mnaoanzisha bendi Mtwara na Lindi, wiki ilopita nilikaa na vijana wa bendi moja changa hapa mjini, wamegombana mpaka mpiga dramu kasusa kabisa, na watu wakadhani ni hela au mapenzi. Wala. Walikua wanagombania nani abebe bufa, lile spika kubwa la besi. Ndo nikaona niandike, maana mimi dada yenu huu mwaka wa 14 naimba, nimepita bendi tatu, na zote nimeona ugomvi unaanzia kwenye kenta la mizigo, kwenye muziki wenyewe unafika baadae tu.

Bendi yangu ya kwanza waimbaji tulikua hatugusi kitu. Tunafika na nguo zetu begani tunakaa pembeni tunakunywa soda, mpiga besi na fundi mitambo wanahangaika na kila kitu wawili tu, na tuliona ni sawa maana sisi "tunatunza sauti". Sasa kukatokea harusi moja Tandahimba msimu wa korosho, mnajua wenyewe msimu huo sherehe zinavyobanana, tumetoka kwingine usiku wa jana yake hatujalala vizuri, tumefika tumechelewa, wale wawili wamechoka hata macho hayafunguki. Tulikua na spika nne za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, kikishuka ampu inabeba mzigo mzito zaidi), mbili kila upande. Waya wa kwenda upande wa kushoto ukawa umebaki kwenye gari chini ya mkeka, hakuna aliyeuliza, kwaiyo fundi kwa haraka akaunganisha spika zote nne kwa kurukisha kutoka moja kwenda nyingine kwenye upande mmoja wa amplifaya. Sikilizeni hapo: spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba unapata omu 4, nne unapata omu 2, na ile ampu yetu mwisho wa kushuka ilikua omu 4, chini ya hapo inazidiwa. Ilivumilia nyimbo tatu. Bi harusi anaingia ukumbini, ngoma imepamba moto, ampu ikajizima. Kimya. Nilisimama pale na maiki mkononi naangalia wazee wa mji wananiangalia, na kile kitu kimenikaa mpaka leo kwasababu mimi nilikua nimekaa saa nzima bila kazi na huo waya ningeweza kwenda kuutafuta kwenye gari.

Kwaiyo kitu cha kwanza nawaambia, achaneni na hesabu ya kilo. Vijana wengi wanataka kila mtu abebe sawasawa, afu wanaanza kuhesabiana mie nimebeba mbili wewe moja. Hamtafika. Haki kwenye kufunga mitambo ni kwamba hakuna anayekaa wakati mwenzake bado, basi. Mpiga dramu ana vyombo vyake vingi, skrubu nyingi, stendi za matoazi, yeye anatumia muda mrefu kuliko wote, kwaiyo akishuka kwenye gari aende moja kwa moja kwenye dramu zake, msimdai bufa. Wale vijana kosa lao lilikua hapo, walimlazimisha abebe kwanza spika na wenzie ndo afunge dramu, matokeo yake wote wamemaliza yeye yuko nusu, wanamwambia mvivu. Mpiga gitaa yeye ana gitaa, ampu ndogo na waya mbili, dakika kumi kamaliza, huyo ndo wa kubeba bufa. Na mwimbaji ambaye hana chombo kabisa ndo mwenye mikono mitupu kuliko wote, dada zangu hapa hamtaki kusikia ila ndo hivyo. Mara ya kwanza nabeba stendi za spika kwenye harusi Lindi mjini mama mmoja alinishika mkono akasema mwanangu mwachie mwanaume, nikamwambia mama shikamoo, hii ni kazi yangu, akanyamaza. Msibebe kwa kuinamisha mgongo tu, pigeni magoti, na spika kubwa wabebe watu wawili hata kama mmoja wenu ana nguvu kama ng'ombe.

Cha pili kila kazi iwe na mwenyewe, na huyo mwenyewe ni yuleyule kila shoo, toka kupakia mpaka kupakua tena nyumbani. Sio "nani yuko free achomeke hii". Kitu cha kila mtu hakina mtu, ule waya wa Tandahimba ulikua wa kila mtu.

Umeme ndo uwe na mwenyewe kuliko vyote na hapa nitakaa kidogo maana umeme unaua. Kwetu ni mpiga kinanda, ametulia na hana haraka. Gari likisimama yeye habebi kitu, anaingia kwanza kutafuta soketi ziko wapi, anapima na mita kuna volti ngapi, maana inatakiwa 230 ila kuna kumbi ukipima jioni watu wote wamewasha unakuta imeshuka vibaya, hapo unajua mapema kwamba utahitaji stabilaiza au jenereta, sio unajua wimbo wa pili. Afu anauliza kwenye laini hiyo kuna nini kingine. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampia 13, kwenye volti 230 hiyo ni kama wati 3000 tu, sasa kama wapishi wamechomeka birika kubwa la umeme na friza la soda kwenye ekstensheni moja na ampu zenu, mjue nini kitatokea. Ile ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu muikunjue yote hata kama soketi iko mita tatu tu, ikibaki imejikunja afu inapitisha umeme mwingi inachemka mpaka plastiki inayeyuka, nimeshaishika kwa mkono wangu naijua. Na kuna mafundi mtakutana nao, mixa (meza ya kuchanganyia sauti) ikivuma ule mvumo wa chini mmmm wanawaambia vunjeni mguu wa athi kwenye plagi, ule unaopeleka umeme unaovuja ardhini, utaisha. Kweli mara nyingine unaisha. Ila siku chombo kikivujisha umeme, wa kuupokea ni yule aliyeshika gitaa mkono mmoja na midomo yake iko kwenye maiki. Msivunje athi kamwe, jaribuni kulisha jukwaa lote na mixa kutoka chanzo kimoja, mvumo mwingi unatokana na vyombo kuchomekwa soketi tofauti tofauti za ukumbi.

Na hakuna mwingine anayechomeka wala kuchomoa ukutani, hata chaja ya simu. Huyo huyo ndo anayewasha: mixa kwanza, ampu mwisho. Kuzima ni kinyume, ampu kwanza mixa mwisho. Ukikosea unasikia lile "BUU" kwenye spika, lile sio sauti ya kuwaka, lile ni pigo linaingia kwenye spika na siku moja koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, itakatika.

Spika zinawekwa mbele ya maiki, zisiwe nyuma yenu zinaimba kwenye maiki zenu wenyewe. Ukumbi ukiwa mdogo kila mtu anataka kuzirudisha nyuma ili watu wapate pa kuchezea, kataeni kwa adabu. Ufukweni kama Shangani au Mikindani kuna upepo, hasa miezi ya kusi, spika iko juu ya stendi inayumba na chini kuna watoto wanacheza, fungueni miguu ya stendi yote na muweke viroba vya mchanga juu yake, mchanga si upo pale pale. Sisi tuna viroba vinne vitupu vinakaa kwenye gari siku zote.

Waya za jukwaani ni zangu mimi. Nilijifunza kwa lazima baada ya ile aibu na sasa hivi napenda kweli. Kila waya una soltepu ya rangi kwenye ncha zote mbili, nyekundu maiki, bluu monita (spika za jukwaani za kujisikia wenyewe), njano vyombo, na chaneli za mixa hazibadiliki: 1 ni dramu ya mguu, 2 sneya, 3 besi, 4 solo, 5 rithimu, 6 na 7 kinanda, 8 tumba, kuanzia 9 ni sauti. Hata siku tumba haijaja, chaneli 8 inabaki wazi. Watu wananiona msumbufu, ila kitu kikikata katikati ya wimbo giza limeingia najua pa kushika bila kuuliza. Jambo lingine ni kukunja. Msikunje waya kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia, ule msokoto unavunja nyuzi za shaba ndani kidogo kidogo, kwa nje waya unaonekana mzima kumbe ndani umekufa. Ufateni ulivyojizoeza, duara kubwa, mkono mmoja unapokea na mwingine unageuza, duara moja juu duara moja chini, mtu akiwafundisha mara moja hamsahau.

Saundi cheki anaongea mtu mmoja, yule wa mixa. Hili ndo linawashinda wengi. Gitaa anajifurahisha, dramu anapiga roli, mwimbaji anaimba "hallo hallo", na yule wa mixa anapiga kelele hakuna anayemsikia, nusu saa inaisha hamna kilichopangwa. Aite chombo kimoja kimoja, aanze dramu ya mguu, aende besi, magitaa, kinanda, sauti mwisho, wengine mikono mifukoni. Na waimbaji wenzangu mkipewa zamu imbeni kwa nguvu ile ile mtakayoimba usiku, usinong'one mchana afu usiku unapasua, geini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki kwenye mixa) imepangwa kwa mnong'ono lazima maiki iungurume. Maiki ikilia ile fiiii sio kila mara kosa la mixa. Maiki nyingi za kuimbia, kama Shure SM58 iliyoanza kutengenezwa 1966 na bado ndo inaonekana kila jukwaa, inasikia mbele zaidi na nyuma mkiani karibu haisikii, kwaiyo monita ikae chini mbele yako inaangalia mkia wa maiki. Wewe ukiifunika kichwa chake na kiganja kama wasanii wa video unaiharibia huo uwezo, inaanza kusikia kila upande na inalia. Hilo ni jukumu lako wewe mwimbaji, usimtupie fundi jicho.

Kama mitambo ni ya kukodi yule fundi aliyekuja nayo ndo mkubwa wenu, muulizeni kabla hamjagusa, na mumuamkie. Vibarua wa ukumbini mkiwalipa wabebe mpaka ukingo wa jukwaa, wasiunge kitu.

Kufungua ndo kunakovunja bendi. Saa nane usiku, umeimba toka saa mbili, ndugu wa bwana harusi wanataka picha, wengine wameshaitwa kwenye pilau. Hapo ndo waya zinapotea. Sisi tuliacha waya wa umeme wa mixa Newala tukagundua kesho yake tuko Lindi na watu wameshakaa, tukazunguka mjini jumapili maduka yamefungwa tukaazima kwenye kompyuta ya stationari, na bahati ulikua unaingia. Toka siku hiyo kuna daftari. Kila mwenye kazi anahesabu vyake mwenyewe kwa sauti mlangoni mwa gari, waya za maiki 12, monita 4, stendi 9, anayeandika anaweka vema, na gari haliwashwi mpaka ukurasa umejaa. Pilau tunafungiwa kwenye hotipoti tunakula njiani. Na waya mmoja wa umeme wa ziada unakaa kwenye begi langu la nguo.

Huku pwani chumvi inakula. Mkipiga karibu na bahari kesho yake futeni kila kitu na kitambaa kikavu, vichwa vya maiki, jeki, miguu ya stendi, msivirundike stoo vikiwa na unyevu, kichwa cha waya kikianza kuota kijani sauti itaanza kukwaruza na mtalaumu mixa bure.

Hela, maana mtaniuliza. Kabla ya kugawana tunatoa fungu la mitambo kwanza, la waya na fyuzi na mafuta ya gari, linashikwa na asiyeshika umeme ili watu wawe wawili. Asiyekuja kufunga bila udhuru wa maana, kwenye mgao wake anakatwa hela ya kibarua, hata akiwa ndo mwimbaji anayeitwa jina kwenye bango. Mimi nimeshakatwa mara mbili na nililipa.

Wale vijana nimewachorea ukurasa wa daftari wao, majina upande mmoja kazi upande wa pili, mpiga dramu karudi. Jumamosi wana harusi Mikindani, nimewaambia nitapita saa nane mchana, sibebi kitu, nataka nione tu nani anachomeka plagi ukutani.