Maji hayayeyuki

SWALI: Mwanafunzi wangu wa fizikia ameandika: "Presha ikiongezeka, kiwango cha kuyeyuka cha maji hushuka." Nimekata "presha" nikaandika "shinikizo". Mwalimu mwenzangu anasema neno ni "mgandamizo". Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako. Shinikizo tumelizoea kwa damu, na kwa mtu anayesukumwa afanye asilolitaka. Watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo, na hapo wako sawa. Lipo pia kanieneo, yaani kani juu ya eneo, neno linalojieleza lenyewe. Chagua moja, ushikamane nalo hadi mwisho wa somo.

Lakini, mwalimu, kalamu yako imekata neno lisilo na hatia na kuliruka kosa lenyewe. Maji yanayeyukaje? Yameshakuwa maji! Kila mwaka nakutana na "kuyeyuka kwa maji" katika vitabu na mitihani, na kila mara nakasirika upya, maana kosa hili linamnyima mtoto picha ya jambo analofundishwa.

Najua utetezi wake: kwa mwanasayansi, maji ni maji hata yakiwa magumu kama jiwe. Sawa, kwake. Kiswahili kimegawa vingine. Chuma kikiwa kigumu ni chuma, kikiwa uji mwekundu ni chuma, kwa hiyo chuma huyeyuka. Nta vilevile. Maji yakiganda hupoteza jina. Tunaita barafu, neno lililotoka kwa Waajemi, ambao kwao barf ni theluji. Basi barafu huyeyuka, maji huganda, na hakuna anayeruhusiwa kumwibia mwenzake kitenzi.

Tazama jaribio la zamani la waya. Laza mche wa barafu juu ya vihimili viwili, upitishe juu yake waya mwembamba wenye mawe mazito yanayoning'inia huku na huku. Waya unazama polepole. Chini yake barafu imebanwa, nayo inayeyuka. Maji yanayopatikana yanauzunguka waya na kupanda juu, ambako hakuna kinachoyabana, yanaganda tena. Waya unatokea upande wa chini, na mche ungali kipande kimoja. Sasa jaribu kusimulia hayo kwa kusema "maji yameyeyuka". Yapi? Ya chini au ya juu? Kwa upana wa waya mmoja tu umehitaji barafu, maji, yeyuka na ganda, kila neno mahali pake.

Tena kuna mtego katika neno mgandamizo lenyewe. Ganda limezaa gandama, na gandama likazaa gandamiza. Mtoto akilisikia anadhani kubana ni kugandisha. Kwa nta yuko sahihi: ukiibana, kiwango chake cha kuyeyuka hupanda. Kwa barafu ni kinyume, kwa sababu barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji yanayotokana nayo. Meta moja ya ujazo ya barafu ina kilo 917 hivi, ya maji karibu 1,000. Ukiibana unaisukuma kwenye hali inayobanana zaidi, yaani umaji. Mhandisi James Thomson alilipiga hesabu hilo mwaka 1849, na mwaka uliofuata nduguye William, mwanafizikia ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, akalithibitisha kwa kipimajoto. Badiliko ni dogo mno: mgandamizo wa angahewa moja, yaani sawa na ule wa hewa inayotuzunguka, hushusha kiwango hicho kwa nyuzi 0.0074 tu za Selsiasi. Ndiyo maana mawe ya kwenye waya lazima yawe mazito.

Kwa hiyo mrudishie mwanafunzi sentensi hii: "Mgandamizo ukiongezeka, kiwango cha kuyeyuka cha barafu hushuka." Aking'ang'ania kutaja maji, aandike "kiwango cha kuganda cha maji", ni nyuzi zilezile zikitazamwa kutoka upande wa pili. Na mwongezee mpaka, kwa kuwa "hushuka" si kweli milele. Kwenye angahewa 2,070 hivi kiwango kinafika nyuzi 22 chini ya sifuri. Ukizidi kubana, barafu hubadili mpangilio wake wa ndani, ikawa aina nzito kuliko maji, na kiwango kinaanza kupanda kama cha nta.