Kitabu akikitafuna, usimnyang'anye

Dada wa Pasua, hongera kwa kulea. Umeuliza kama kumpeleka mtoto wa miezi 11 maktaba hapa Moshi ni kupoteza muda, maana vitabu anavitafuna tu. Mpeleke! Kutafuna ndiyo njia yake ya kukijua kitu. Wa kwangu alikifungua na kukifunga kitabu kimoja cha kurasa ngumu mpaka udenda ukalowesha pembe zote. Siku moja akaweka kidole kwenye picha ya kuku, akanitazama. Nikamwambia, "Kuku!" Akacheka, akarudia kidole. Nilifurahi mno.

Uingereza, mpango wa Bookstart wa kuwapa watoto wachanga vitabu ulianzia Birmingham mwaka 1992, kwa hiyo wewe si wa kwanza kulifikiria hili.

Muulize kwanza mkutubi saa ambazo kona ya watoto huwa na nafasi. Beba khanga ya kutandika, vikombe vya plastiki vya kupanga na kubomoa, na kitabu chako cha kutafunwa, ili vya maktaba visiharibike. Mwimbie, pigeni makofi. Dakika 10 zinatosha. Akilia, toka naye nje mkaangalie bodaboda. Na Kichaga mwongeleshe pia, kama ndiyo lugha ya nyumbani.