Noah yako ikichemka mlimani, usikimbilie kununua radiateri

Mama mmoja aliyeketi kiti cha mbele alinigonga bega tukiwa katikati ya kupanda mlima wa Ngomo. Tulikuwa tunatoka Kamanyola kurudi Bukavu, watu saba na magunia manne ya mchele nyuma. "Papa, hii kiti iko inaniunguza!" Nikacheka. Nikamwambia ni joto la bondeni, bado limeshika kitambaa. Kona mbili baadaye mvuke ukafuka chini yake kama sufuria ya bugali iliyosahaulika motoni.

Ningemsikiliza, ningeokoa pesa nyingi. Noah za mwanzo za Toyota, zile za kati ya 1996 na 2001, moteri yake haiko mbele kama watu wanavyodhani. Iko chini ya viti vya mbele. Kwa hiyo abiria wa mbele anajua habari za moteri kabla ya mshale wa dashibodi. Na mshale wenyewe usiuamini sana: kinachopimwa pale ni joto la maji, na maji yakishakwisha unaweza hata kushuka, ukadhani gari limepoa.

Konvoyeri wangu (utingo), kijana mwenye haraka, akanyanyua kiti na kushika kifuniko cha maji. Mpaka leo ana alama mkononi. Subiri nusu saa, hata saa nzima, kisha weka kitambaa kinene, fungua robo, acha ipumue, ndipo umalizie. Wala usimwagie moteri ya moto maji ya baridi; kulasi, kile kichwa cha moteri, ni ya aliminiamu, inapinda.

Sasa garaji. Fundi wa kwanza aliangalia dakika mbili akasema radiateri, kile chombo kinachopoza maji, imeziba. Nikanunua nyingine ya okazyo (iliyotumika), dola 90. Wiki moja shwari mjini, halafu nikipanda mtaa wa Kadutu na mzigo, inachemka tena. Fundi wa pili akaitoa termostati, ile valvu inayozuia maji mpaka moteri ipate joto, na kuitupa, "maji yapite bila kizuizi." Ikawa mbaya zaidi: asubuhi moteri haipati joto, esansi (petroli) inanywewa kama maji, na mlimani inachemka vile vile. Wa tatu alikwisha kutandika gunia chini ili afungue kulasi. Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuwa anangoja gari lake alipoomba kuona kifuniko. Akakigeuza, akapitisha ukucha kwenye mpira wake. Mpira ulikuwa umekauka, una ufa mmoja mwembamba kama unywele. "Anza na hii," akasema. Dola 5.

Nilitaka kujua kwa nini, maana sikuamini. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Huku kwetu maji yaliyo wazi huchemka yakifika kama nyuzi 95, si 100. Moteri kama yangu termostati yake huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Kinachoongeza nafasi ni kile kifuniko: resori (springi) na mpira wake hufungia presha ndani, na maji yaliyobanwa hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Mpira ukipasuka, presha inatoroka, na unaendesha sufuria isiyo na mfuniko. Mjini kwenye tambarare hutaona kitu. Mlimani na mzigo ndipo inajulikana. Juu ya kifuniko pameandikwa namba ya presha, kama 0.9 au 1.1. Nunua yenye namba ile ile.

Ile termostati nayo nikairudisha, mpya. Kwenye moteri nyingi za Toyota ina mguu unaoziba njia ya mkato inapofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji yanazunguka tu ndani ya moteri bila kupita kwenye radiateri. Fundi akikuambia "huku Afrika haihitajiki", mshukuru, uondoke na funguo zako.

Baada ya kifuniko, tazama mipira ya maji ikiwa imepoa: ibonyeze, yenye kulainika kama ndizi mbivu au yenye kuvimba mwishoni badilisha. Osha radiateri kwa nje, kwa sababu tope letu linakauka katikati ya mapezi na upepo haupiti. Hakikisha vantilateri (feni) inageuka. Pompu ya maji ya moteri ya esansi ya 3S (aina mojawapo ya Noah hizi) inazungushwa na mkanda wa ndani, ule unaoitwa kuruwa ya distribusio, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Basi ukifungua kwa ajili ya mkanda, weka na pompu siku hiyo hiyo. Kazi ya kufungua ni moja. Na acha kujaza maji ya ziwa. Kivu ina madini mengi, yanaacha ukoko mweupe ndani. Mimi natumia dawa ya radiateri, na hapo ndipo nisipobania pesa.

Jointi ya kulasi, ile gasketi kati yake na mwili wa moteri, ni ya mwisho kushukiwa. Lakini ina dalili zake: mapovu yasiyokatika kwenye maji ukiwasha, moshi mweupe wenye harufu tamu usiokoma hata gari likipata moto, mipira inayokuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha, maji yanayopungua bila kuvuja popote. Moshi mweupe wa asubuhi ya mvua unaopotea baada ya kilomita moja ni mvuke tu. Nilimwona jirani akiuza gari lake kwa hasara kwa ajili ya mvuke huo.

Habari ya umeme ni fupi. Gari likikataa kuwaka asubuhi na unasikia "tak" moja, usiende kununua demareri (stata). Tazama vichwa vya batri kwanza. Ule unga wa kijani na mweupe uoshe kwa maji ya moto na magadi, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza. Kipimo cha umeme cha dola chache kitakuambia mengine: batri nzima iliyolala usiku inaonyesha kama volti 12.6, na moteri ikiwaka ipande kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12, alternateri haichaji.

Taa ya moteri ikiwaka, Toyota nyingi za miaka ya 1990 unaweza kuzisoma bila kompyuta. Tafuta kisanduku kidogo cha plastiki chenye herufi za matundu zimeandikwa ndani ya mfuniko wake. Unganisha TE1 na E1 kwa pini ya karatasi, fungua kontakti (swichi ya funguo) bila kuwasha moteri, uhesabu mimweko ya taa. Mfululizo wa haraka usio na kituo maana yake hakuna kosa. Miwili, kituo, miwili tena ni 22: sensa ya joto la maji au nyaya zake. Wenzetu wanaotazama video za mafundi wa Dar es Salaam watasikia rejeta, klachi na plagi. Sisi tunasema radiateri, ambreyaji na bujia. Chuma ni kile kile.

Mlio wa "kong" mbele kwenye mashimo: inua gurudumu, litikise juu na chini. Likicheza, ni rotile (boli jointi) au beringi. Litikise kushoto na kulia. Hapo ni vichwa vya usukani. Hii usiahirishe, hasa kama unateremka Ngomo. Na ukiteremka, zima O/D, kile kitufe cha gia ya juu kabisa, na ushuke gia, ili freni zisinuke.

Limebaki jambo moja ambalo fundi yeyote hawezi kulitengeneza. Mlango wa kuvuta wa Noah hizi uko kushoto peke yake, kwa sababu Japani wanaendesha kushoto. Sisi tunaendesha kulia. Abiria wako anashukia katikati ya barabara, uso kwa uso na pikipiki. Konvoyeri wangu, yule mwenye alama ya mvuke, sasa anashuka wa kwanza, ananyoosha ule mkono, ndipo anavuta mlango.