Kwa walezi wapya wa matembezi ya watoto, Kitulo na Rungwe

Wadogo zangu, Desemba hii nimewaona mkifanya kazi kwa moyo. Mmelowa, mmebeba watoto mgongoni kwenye tope, mmeimba hadi sauti zikakauka. Nawapenda kwa hilo. Lakini pale juu kwenye uwanda wa Kitulo nilisikia pia swali moja likiulizwa mbele ya watoto, swali ambalo nilidhani tuliliacha miaka mingi iliyopita, na tangu siku hiyo sijatulia. Nitalifikia. Nianze na mengine, kwa sababu nayo yanajirudia kila msimu.

1. Msihesabu vichwa.

Ukungu wa Kitulo ukishuka, mwenzako aliye hatua ishirini mbele humwoni. Hapo ndipo mlezi mgeni anapoanza kugusa vichwa: moja, mbili, tatu, wametimia, twende. Msimu mmoja hesabu ilitimia vizuri kabisa huku mtoto wetu mmoja akiwa bado kijitoni anatazama vyura. Aliyejaza nafasi yake alikuwa kijana mchunga ng'ombe wa kijiji cha jirani, aliyeona mstari wa watoto wenye makoti ya mvua akaona ajiunge nao. Tulipomuuliza jina lake alisema amesikia kuna viazi. Tulimpa viazi, na yule wa vyura tulimkuta salama, amechuchumaa palepale, hajui hata kama tuliondoka.

Basi ni majina na jozi. Kila mtoto ana mwenzake, ukiita jina anayejibu ni mwenzake, na anajibu akiwa amemshika mkono. Rejista inakaa kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo habebi kamera.

2. Radi.

Hapa sitaki mjadala. Uwanda ule uko kama meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, ni nyasi tupu, na mtoto aliyesimama anaweza kuwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Msimu wa maua ndio msimu wa mvua, na mawingu hujikusanya mchana. Pandeni asubuhi, na saa saba muwe mmeshakaribia magari. Mkiona mmweko, hesabuni sekunde: sauti husafiri kilometa moja kwa sekunde tatu hivi. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, watoto wote ndani ya gari, na hawatoki mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Sio chini ya ule mti mmoja, wala kwenye kibanda cha nyasi. Mwaka huu mmoja wenu alitaka kwanza wamalizie kuchora. Mchoro utamaliziwa kule chini Matamba, mezani, kwa chai.

3. Hamsini na Saba.

Wanaopandia Chimala, walisheni watoto baada ya zile kona hamsini na saba za barabara ya mlimani, sio kabla.

4. Punguzeni kuhutubia.

Nilisimama nyuma ya kundi moja. Mlezi ameshika bango la bioanuwai, amelitengeneza mwenyewe kwa rangi, bango zuri kweli. Anaeleza kwamba Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, kwamba ina aina zaidi ya 350 za mimea, kwamba okidi peke yake ni aina 45 au zaidi. Yote kweli. Nyuma ya mgongo wake kinyonga alikuwa anavuka njia. Watoto wote wakamgeukia kinyonga, nusu kwa hamu na nusu kwa hofu, maana mnajua nyumbani tunavyowaambia kuhusu kinyonga. Mlezi akasema: "Tazameni mbele!"

Mdogo wangu, mbele palikuwa na bango. Bango wangeliona hata darasani. Kinyonga anazungusha macho yake kila moja kivyake, ulimi wake unaweza kuwa mrefu kuliko mwili wake, na pale alikuwa anapiga hatua moja kila baada ya kufikiri. Umelipia gari, kibali na siku nzima ya mtoto ili apate dakika zile. Ungeweka bango chini, ungelala kifudifudi pamoja nao, na hofu ya kinyonga ingepungua bila wewe kusema neno. Nimeona mtoto aliyefika analia akitaja kinyonga akaondoka anabishana na wenziwe kuhusu rangi ya tumbo lake. Hiyo 45 ataisoma baadaye, na ataikumbuka, kwa kuwa ameshapata sababu ya kuijali.

5. Lile swali.

"Nani kati yenu anamjua mtu anayechimba chikanda?"

Chikanda ni vile viazi vya okidi vinavyochimbwa kwa chakula. Desemba hii nililisikia swali hilo kwa masikio yangu. Aliyeuliza ni kijana mwema, na alikuwa na nia njema. Nilikwenda nikakatiza, nikawaita watoto kwenye maji, na najua alinishangaa. Sasa nitaeleza kwa nini.

Miaka ya mwanzo tulikuwa watatu tunaoongoza kundi. Watoto wa darasa la nne na la tano, nusu wametoka Mbeya mjini, nusu wa vijiji vya upande wa Makete. Nje ya mpaka wa hifadhi tulikuta eneo lililochimbwachimbwa, vishimo vidogo vingi, mashina ya okidi yametupwa yananyauka na maua yake. Ilituuma. Usiku uliotangulia tulikuwa tumeandika pamoja mpango wa somo, na ndani yake tumeliweka swali hilohilo, tukidhani tutapata mjadala mzuri wa uhifadhi.

Msichana mmoja wa kijijini akanyosha mkono juu kabisa. Alikuwa mchangamfu, tangu asubuhi ndiye aliyekuwa akitujibu majina ya mimea. Akasema kwa fahari: "Bibi yangu. Ndiye aliyeninunulia haya mabuti." Akainua mguu tuone. Mabuti mapya, mekundu.

Hapo palihitajika mtu mzima mmoja tu wa kusema "mabuti mazuri" na kunyamaza. Hakupatikana. Mmoja wetu akasoma kilichoandikwa kwenye mpango: kwamba wachimbaji ni maadui wa mazingira, wanaiba mali ya taifa. Mimi na mwenzangu wa tatu tulitikisa kichwa kukubali, maana ndivyo tulivyokuwa tumeandika. Watoto wa mjini wakacheka. Mmoja akamwita "Chikanda", na jina likamganda mchana kutwa.

Tuliendelea na ratiba. Tukapanga mstari, tukatembea. Baada ya muda niligeuka nikaona yule msichana yuko nyuma kabisa, anatembea miguu mitupu kwenye tope la baridi. Mabuti ameyavua, ameyatia kwenye mfuko wa rambo, ameufunga fundo. Nikamwambia avae, miguu itaganda. Akavaa kwa sababu nimeamuru. Nilipogeuka tena alikuwa ameshayavua.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa tulikwenda kwao. Bibi alitukaribisha ndani, akatuwekea viti, akatupa chai na viazi, akatungoja tumalize. Kisha akauliza: "Mjukuu wangu amerudi hataki kuvaa mabuti niliyomnunulia. Mmemfundisha nini huko?" Tukajaribu kueleza. Alitusikiliza kwa adabu kuliko tulivyostahili. Akatuambia kwamba yeye chikanda ameijua tangu akiwa binti, na kwamba alipokuwa mdogo mtu alichimba kidogo akarudi nyumbani. Wenye magunia walikuja baadaye, wanalipa papo hapo, na yeye ana wajukuu na shamba la viazi ambalo bei yake huporomoka wote wanapovuna pamoja. Hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu kama sisi tungemnunulia mtoto mabuti kwa nini kingine.

Yule msichana hakurudi kwenye matembezi yetu, msimu ule wala uliofuata. Mtoto aliyejua majina ya mimea kuliko sisi watatu tukiwekwa pamoja.

Sisemi chikanda iachwe ichimbwe. Ndani ya hifadhi ni kosa kisheria, na biashara ya okidi kuvuka mipaka inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa. Okidi zinakwisha kweli. Viazi vyake vinavuka Tunduma kwenda Zambia, vinasagwa, vinapikwa pamoja na karanga na pilipili mpaka vinakuwa kipande kigumu cha kukatwa kwa kisu, na soko lake ni kubwa. Watoto wanapaswa kuyajua hayo yote. Wayajue bila mtu yeyote kuulizwa mbele za watu habari za nyumbani kwake.

Sasa hivi tunafanya hivi. Tunatafuta mmea mmoja wa okidi ulio hai, tunakaa kuuzunguka, hatung'oi. Tunachora kilicho chini ya udongo: viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, ndicho kinacholisha ua la mwaka huu. Kingine kigumu, kimejaa, ndicho akiba ya mwaka ujao. Kisha tunawauliza: ungekuwa unatafuta chakula, ungechukua kipi? Wote wanasema kile kigumu. Tunanyamaza. Daima kuna mmoja anayesema, taratibu, "Lakini mwaka kesho..." Tunawaonyesha mbegu, laini kama vumbi, tunawaambia kwamba mbegu ile haina akiba ya chakula ndani yake, haioti mpaka ikutane na kuvu wake kwenye udongo. Wanaelewa wenyewe kwa nini shimo lile halijai haraka. Halafu tunazungumza kuhusu gunia: nani anachimba, nani ananunua, nani anasafirisha, nani anabaki na fedha nyingi. Watoto wa darasa la tano wanaliweza swali hilo vizuri sana, na wa vijijini ndio wanaoongoza mazungumzo, wima, na mabuti yao miguuni.

Kwa hiyo nikikatiza somo lako, kijana wangu, usidhani nimekudharau. Niliona mikono miwili inaanza kunyanyuka.

6. Ulizeni nyumbani, kwa heshima.

Hili ni upande wa pili wa lile. Kila mtoto anayekuja ana mtu nyumbani anayejua kitu ambacho mimi na wewe hatukijui. Wawindaji wa Kinyakyusa kwenye misitu ya mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kipunji muda mrefu, nyani mwenye haya, anayekaa juu mitini. Watafiti walipoanza kuzisikia habari hizo hawakuwa na uhakika kama ni mnyama au ni wa kwenye hadithi. Mwishoni mwa 2003 wakamwona. Mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa spishi mpya, na mwaka uliofuata wanasayansi wakampa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Alikuwa "mpya" kwa walioandika. Wazee wa Rungwe walikuwa na jina lake tayari.

Wapeni watoto kazi hii usiku wa kabla ya safari: waulize wazee wao jina la ndege mmoja na mmea mmoja, kwa lugha ya nyumbani, Kinyakyusa, Kisafwa, Kikinga, yoyote. Asubuhi wanakuja na daftari limejaa. Mwaka jana mtoto alikuja na babu mwenyewe, kwa kuwa majina yalikuwa mengi mno kuandikwa. Babu tukampandisha kwenye Kosta, akakaa mbele, na siku hiyo hakuna aliyetapika, kila mmoja alikuwa anamsikiliza yeye.

7. Mashimo.

Mtoto akiona shimo ardhini anataka kuingiza fimbo. Mkatazeni na mwambieni sababu: mbayuwayu wa buluu, anayekuja Kitulo kuzaliana msimu wa mvua, hujenga kiota ndani ya mashimo ya namna hiyo, na wamebaki wachache duniani. Wakishajua, wenyewe ndio wanaosimama kulinda shimo na kuwafukuza walezi.

8. Mwezi wa sita.

Nimeshaona rasimu yenu ya ratiba na mmeandika "kutazama maua Kitulo". Juni hakuna maua ya kuwapandishia watoto wote hao kwenye baridi ile. Alfajiri nyasi zina barafu. Kama mnapanda, pandeni jua likishatoka, muwaonyeshe barafu hiyo kabla haijayeyuka, na kila mtoto awe na sweta mbili, soksi za akiba na kofia. Vinginevyo pelekeni kundi Daraja la Mungu, waone mwamba wa volkano uliopinda juu ya mto Kiwira, na mshike kamba ya mstari muda wote maana yale maji hayana mchezo. Au Mbozi, wakashike kimondo. Ni kipande kikubwa cha chuma cha urefu wa meta 3 hivi kilichotoka angani, na asubuhi ya Juni kina baridi ya kuuma viganja. Msieleze chochote kabla hawajakishika.

Fomu za ridhaa za wazazi zitoke Mei, zikiwa na mstari wa dawa na mstari wa pumu. Na mpango wa somo uletwe kwangu siku tatu kabla, maswali yote yakiwa yameandikwa.